Ufagio Hauna Kosa, Kosa ni la Kiberiti

Mazungumzo na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Kigamboni, Dar es Salaam. Yameandikwa kutoka kwenye yaliyosemwa, pamoja na maswali machache.

Mama mwenyekiti, mjumbe wetu, mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba watatu mliokaa karibu na geti ili muweze kutoroka: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na waliobaki hamjambo. Itifaki imezingatiwa. Sitaongeza jina la mtu, maana jua linapanda na sufuria ya pilau nimeiona.

Kabla sijaanza nina ombi. Kijana mmoja achukue ile nondo iliyoegemea ukutani, aichomeke katikati ya lile lundo chini ya mwembe. Sukuma, izame mpaka usawa wa goti. Hapo hapo. Iache, tutairudia.

Mmeniita niseme juu ya bustani ya nyumbani, mboga zistawi bila kununua mbolea ya dukani. Kazi ya ugani nimeifanya miaka 31. Nilianza kuitwa bibi shamba nikiwa binti wa miaka 24, leo angalau jina limenifikia. Na katika miaka yote hiyo hakuna kitabu nilichopewa kilichozungumzia kitu ninachotaka kuanza nacho leo. Kitu chenyewe ni ufagio.

Asubuhi hii nimeshuka kwenye daladala nikatembea mpaka hapa. Nimepita kama nyumba ishirini. Kila uwanja umefagiwa, mistari ya chelewa imelala kwenye mchanga utadhani mtu kapiga pasi. Nimefurahi. Lakini karibu kila uwanja, pale pembeni, kuna kirundo kinafuka moshi. Majani ya mwembe, majani ya mkungu, majani ya mwarobaini. Mama mmoja amenisalimia huku anapangusa machozi, nikadhani kuna msiba, kumbe ni moshi wake mwenyewe.

Nawaelewa. Mimi nilipoolewa, mama mkwe alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anachungulia dirishani kuona kama uwanja umeshafagiwa. Uwanja wenye majani ilikuwa maana yake nyumba haina mwanamke. Tena majani yakilala, nge hujificha, na nyoka hajambo. Kwa hiyo sikuja kumwambia mtu aache kufagia. Fagieni. Ugomvi wangu ni na kiberiti.

Jani kavu lina chakula cha aina mbili. Kuna madini kama potasiamu na kalsiamu. Ukilichoma, hayo hubaki kwenye majivu. Halafu kuna kaboni na naitrojeni, hizo huondoka na moshi zikaenda kwenye macho ya jirani. Sasa huu mchanga wetu wa Kigamboni shida yake kubwa siyo kukosa majivu. Shida yake haushiki kitu. Unamwagilia saa moja asubuhi, saa sita unachimba kwa kidole unakuta vumbi. Unatia yuria, maji ya keni tatu tu yanaipeleka chini ambako mzizi wa mchicha haufiki. Kinachoshika maji na chakula kwenye mchanga ni mboji, yaani majani na taka zilizooza zikaiva, na mboji inatokana na ile ile kaboni tuliyoiwashia moto.

Halafu tunafanya la pili. Maganda ya jikoni tunayatia kwenye ndoo, tunalipia gari la taka liyabebe mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, mji mzima tukiufuata mtindo huo huo. Wiki ijayo tunanunua kiroba cha samadi. Yaani unalipa kikitoka, unalipa kikirudi.

Nisije nikaonekana mjuaji, acha niwaambie aibu yangu.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilichimba shimo la mboji nyuma ya jiko, mita moja kwenda chini, kama nilivyokuwa nikifundisha wakulima Dodoma. Kule shimo ni sawa, nchi ni kavu na shimo linatunza unyevu. Mimi nikalileta pwani kama lilivyo. Nikawa natupa humo maganda ya muhogo, maganda ya ndizi, machicha ya nazi, ukoko wa wali, ugali uliolala. Majani? Majani nilikuwa nafagia na kuchoma, kama kila mtu. Ikaingia masika. Katikati ya Aprili shimo limejaa maji, juu limefanya povu la kijivu, nzi wameweka mkutano wa hadhara. Jirani yangu ni mtu mpole, hakunisemesha. Alikwenda kwa mjumbe. Mjumbe akaja, kiganja kimeziba pua, akanisalimia vizuri tu: "Shikamoo mama. Samahani, kuna mnyama amekufa hapa kwako?"

Mtaalamu wa kilimo huyo!

Siku ile ile kulikuwa na fundi anajenga ukuta kwa jirani, mzee wa Kimatengo, mtu wa Mbinga. Akachungulia shimo langu akacheka mpaka akaegemea jembe. Akasema, "Mama, hapa umepika mboga, ugali umesahau."

Sijawahi kusikia maelezo ya mboji mazuri kuliko hayo. Wataalamu tunasema lundo linataka kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa naitrojeni sehemu 1, mtu anasinzia. Yule mzee kamaliza kwa sentensi moja. Maganda ya jikoni, majani mabichi, samadi, hiyo ni mboga: ina maji, ina naitrojeni, inaoza haraka. Majani makavu, mabua, magunzi, maranda, hiyo ni ugali. Vile vijidudu vinavyoozesha lundo ni kama sisi, sahani yao ni ugali mwingi na mboga kidogo. Ukiwapa mboga tupu, inalowana, inashikana, hewa haipiti. Wale wanaotaka hewa wanakufa, wanachukua nafasi wale wasioitaka, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya yai viza. Kumbe ugali wangu nilikuwa nauchoma kila asubuhi, hatua kumi kutoka kwenye shimo.

Yule mzee akaniambia kwao wanaanza na nyasi. Nilikuwa nimesoma chuoni habari za ngoro, kile kilimo cha mashimo cha Wamatengo, nilijibu mtihani nikapata alama, lakini sikuwahi kuiunganisha na jiko langu. Mmatengo analima mlimani, miteremko ambayo sisi tukipanda tunashika magoti. Anafyeka nyasi, anaziacha zikauke, anazipanga chini kwa mistari inayokatana ikafanya miraba. Halafu anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Panabaki mashimo yamezungukwa na matuta, ukisimama ng'ambo mlima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikija maji yanatua mashimoni, udongo haukimbii, na ndani ya tuta nyasi zinaoza taratibu. Juu yake anapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Wanafanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Mboji yao haibebwi kwenye ndoo, inapikwa chini ya mmea wenyewe.

Basi tuje kwetu. Jifunzeni lile lundo pale, mlilipanga wenyewe Jumapili iliyopita, leo Jumamosi. Halipo shimoni, lipo juu ya ardhi, kwa sababu huku ni pwani na masika tunayajua. Lipo kivulini. Chini ni udongo, siyo sementi, ili nyungunyungu wapande. Upana mita moja, urefu mita moja, kimo mita moja. Likiwa dogo zaidi joto linakimbia, likiwa kubwa sana hewa haifiki katikati. Chini kabisa mlitandika vijiti na mabua, ndiyo njia ya hewa. Juu yake ndoo tatu za majani makavu, ndoo moja ya jikoni, koleo moja la samadi, maji. Tena hivyo hivyo mpaka juu, na juu kabisa majani makavu kama shuka, ili nzi asione kilichomo.

Maji kiasi gani? Chota konzi, kamua kwa nguvu. Ikitoa matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawa. Ikichuruzika, ongeza majani makavu. Ikisambaratika mkononi kama unga, nyunyiza. Msipime kwa macho, macho yanadanganya. Nimeona lundo limelowa juu, ndani kavu kabisa, siafu wameshahamia.

Mboji ya namna hii, ukiigeuza kila wiki mbili tatu, inachukua miezi mitatu, minne. Utajua imeiva ikinuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza ya vuli, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi. Mwenye wasiwasi atie kidogo kwenye chupa yenye mfuniko, anyunyize maji, afunge siku tatu. Akifungua ikanuka vibaya, airudishe, haijaiva.

Vitu vya kutotia: nyama, vichwa vya samaki, mafuta yaliyokaangia, maana mtaita panya wa mtaa mzima. Kinyesi cha mbwa na paka, hapana. Pampasi, hapana, na msinicheke, nimezikuta. Plastiki angalau imepungua, tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Juni 2019 kuchambua taka kumekuwa rahisi. Majivu ya mkaa, konzi moja moja kwa tabaka, siyo ndoo nzima. Yakizidi yanafukuza naitrojeni ikatoka kama hewa ya mkojo. Makumbi ya nazi yanachukua muda mrefu mno, afadhali uyatandaze bustanini.

Najua mnachofikiria. Nyumba moja haipati taka za kujaza mita moja kwa siku moja. Ni kweli, na lundo linalojazwa kidogo kidogo linaoza vizuri tu, ila halipati joto kali, na bila joto mbegu za magugu zinapona. Ndiyo maana nimefurahi kuitwa na kikundi. Si mnacheza upatu? Kila wiki hela zote zinakwenda kwa mmoja. Chezeni na taka. Kila mmoja ahifadhi majani yake makavu kwenye salfeti, hayaozi yakiwa makavu. Jumapili kila mtu aje na salfeti moja na ndoo yake ya maganda kwa mama wa zamu. Watu kumi na wawili mnapanga lundo zima kwa saa moja, na umbea unaendelea. Jumapili inayofuata kwa mwingine. Hakuna wa kukimbia na fedha, labda akimbie na maganda ya viazi.

Swali limeanza mapema, haya, sema mwanangu.

(Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusitumie yuria tu, maana mboga zinakuwa za kijani ndani ya wiki.)

Shikamoo yako nimeipokea. Mimi sina dini ya mboji, mwanangu. Yuria ina naitrojeni asilimia 46, hakuna samadi inayoweza kushindana na hiyo, na mwenye ekari zake za mahindi ana hesabu zake. Mimi naongelea tuta la mita mbili nyuma ya jiko, kwenye mchanga. Hapo yuria ni kama kumpa mtu maji kwenye chujio. Weka mboji kwanza, misimu miwili, halafu uniambie kama bado unaihitaji.

Ukitaka kijani cha haraka, kuna ile alizeti pori, yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara na kwenye viwanja visivyojengwa. Watu wanaifyeka kama uchafu. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama 4. Kata majani mabichi, yajaze nusu ya ndoo, jaza maji, funika, koroga kila siku. Baada ya wiki mbili chuja, zimua kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, mwagia kwenye shina jioni. Inanuka, hilo sitawaficha. Fanyeni mbali na dirisha la chumba cha mgeni.

(Mama mmoja aliuliza kuhusu mbolea ya kuku, kwamba aliweka kwenye spinachi ikafa yote.)

Pole. Uliitoa bandani moja kwa moja? Basi hazikuuawa na wadudu, umezichoma. Mbolea mbichi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, amonia yake inaunguza mizizi. Mimi nilipoteza matuta mawili kwa siku nne, nilipewa viroba vya bure nikaona bahati. Ipitishe kwenye lundo. Ile yenye maranda ndani ni nzuri sana, imekuja na ugali wake, lakini nayo iive. Halafu kuna la afya: mboga tunazokula mbichi, kachumbari na saladi, zisiguse samadi mbichi kabisa. Na maji ya mtaro msimwagilie, hata kama mboga zinapendeza. Mto Msimbazi una mboga nzuri za kijani, na waliopima wamekuta madini mazito ndani yake. Uzuri wa jani siyo cheti.

(Swali kuhusu kutandaza majani: je, hayaleti mchwa?)

Yanaleta, dada, kama yapo kavu na yamegusa ukuta. Acha nafasi ya hatua moja kutoka kwenye nyumba. Tandaza unene wa vidole vinne, na usibane shina la mmea, litaoza. Mchwa wengi wanafuata kilichokufa, matandazo yakiwa na unyevu wanapungua, na kuku watakusaidia waliobaki, ila kuku nao watachakura matandazo yako, kwa hiyo chagua adui. Mimi nachagua kutandaza. Tofauti ya maji tu inatosha: tuta langu lenye matandazo namwagilia siku moja naruka moja, lisilo nayo asubuhi na jioni.

Na hapo nimkumbuke mama wa nyanya, ameniletea hizi kwenye kikapu. Tazameni. Nyanya nzuri, nyekundu, lakini kitako kimekuwa cheusi, kimedidimia kama kilichoguswa na pasi. Amepuliza dawa mbili tofauti. Mama, hakuna mdudu hapa wala ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalsiamu haikufika kwenye tunda, na kalsiamu inasafiri na maji. Leo unamwagilia sana, kesho umesafiri, keshokutwa unafidia. Maganda ya mayai hayatakuokoa msimu huu, yanachelewa kuoza. Mwagilia kwa kipimo kile kile, tandaza, nyanya zinazofuata zitapona. Hizi kata kitako, zilizobaki ni mchuzi.

Mnyauko ni habari nyingine. Mnyanya ukinyauka ghafla ungali wa kijani, kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Huo hauna dawa. Ng'oa, choma. Eeh, hapo kiberiti nakiruhusu. Na mahali pale usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo, hao wote ni ukoo mmoja. Weka mchicha, bamia, mahindi, kwa misimu kadhaa.

Wadudu nitapita haraka, pilau inanukia. Vidukari, wale wanaojazana chini ya jani na kufanya limeng'ae kama lina mafuta: maji ya sabuni kidogo, paka jani chini, siyo juu. Mkiona kile kidudu chekundu cha mviringo chenye madoa meusi, msikiue, kinawala hao vidukari kwa ajili yenu. Mwarobaini mnao uwanjani, nguvu zaidi iko kwenye mbegu kuliko kwenye jani. Okoteni mbegu zilizoanguka, kausheni kivulini, twangeni, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ilale usiku, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua linaivunja nguvu. Vaeni glavu, na mboga zioshwe. Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, sitawadanganya. Tangu aingie nchini 2014 amewashinda wenye mashamba na pampu, mwarobaini wako utampunguza tu. Chuma majani yenye michirizi kila siku, yafunge kwenye mfuko uuanike juani, usiyatie kwenye lundo lisilo na joto.

Na joto la lundo ndilo lililonifanya nikaombe nondo. Lundo lililopangwa vizuri linapanda mpaka nyuzi 55, hata 65, ndani ya siku chache. Hapo ndipo mbegu za magugu na vimelea vingi vinapokufa. Sisi hatuna kipimajoto, tuna nondo na kiganja. Nondo ikitoka baridi, hamkuweka mboga ya kutosha au lundo limekauka. Ikitoka na harufu mbaya, ugali ulikuwa mdogo. Ikitoka ya moto, ukashindwa kuishika mpaka ukahesabu tano, tunakula pilau kwa amani, na Jumapili ijayo mnaligeuza.

Mama mwenyekiti, njoo uichomoe wewe. Siyo kwa kanga, kwa mkono mtupu. Taratibu, anza juu.